AKIBA ILIYOOZA

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Si nia yetu kuwakosoa wahenga, lakini leo twapenda kuwasimulia wasomaji habari ya akiba moja iliyooza, kisha tulitazame swali ambalo mwenye gari kuukuu uani hujiuliza kila mvua inaponyesha: je, gari lililoliwa na kutu lastahili kufufuliwa, au lastahili kuachwa lipumzike?

Habari yenyewe ni ya mji wa Tulsa, katika jimbo la Oklahoma, nchini Marekani. Mwaka 1957 jimbo hilo lilikuwa likisherehekea miaka 50 tangu lilipoingia katika muungano wa nchi hiyo. Katika shamrashamra hizo wakuu wa mji walichukua gari jipya kabisa aina ya Plymouth Belvedere, la rangi ya dhahabu na nyeupe, lenye mapezi marefu nyuma kama ilivyokuwa fahari ya siku zile, wakalizika ndani ya chumba cha zege kwenye uwanja wa jengo la mahakama. Waliliandaa kama mtu anayeandaliwa safari ndefu. Walilipaka mafuta mazito ya kuzuia kutu, wakalifunika, na wakaweka petroli ndani ya buti, kwa hofu kwamba wajukuu wao huenda wasingekuwa na petroli tena. Hata kreti ya bia haikusahauliwa. Chumba hicho kilisifiwa kuwa kingehimili bomu la nyuklia. Wananchi nao walitakiwa wakisie idadi ya watu wa Tulsa itakavyokuwa mwaka 2007. Ambaye angekaribia zaidi, yeye au warithi wake, ndiye angelipata gari.

Bomu halikuja. Yaliyokuja ni maji. Juni 2007, mbele ya maelfu ya watu, kaburi lile lilifunguliwa, na gari likatolewa likiwa limegeuka rangi ya udongo, springi zake za nyuma zimekwisha, na viti vyake vimeoza. Boyd Coddington, fundi aliyekuwa na jina kubwa Marekani kwa kuunda magari, alikuwa amealikwa aliwashe. Halikuwaka. Kwa upande mwingine, lilikuwako humo shimoni pipa la chuma lililozibwa kwa kuchomelewa, lenye nyaraka na bendera. Hilo lilipofunguliwa, vitu vyake vilikutwa vikavu. Basi haikuwa miaka 50 iliyoliua gari, kwani pipa nalo lilikaa miaka hiyo hiyo. Lililoliua ni kwamba lilifungiwa na maji, na kwa nusu karne hapana aliyekwenda kulitazama.

Aliyeshinda bahati nasibu hiyo alikuwa amekwisha kufariki dunia tangu mwaka 1979, na gari likawafikia jamaa zake. Hapo ndipo swali letu lilipokuwa swali la kweli. Gari lilipelekwa New Jersey kwa mafundi wenye utaalamu wa kuondoa kutu, nao wakalihangaikia kwa miaka. Bodi ilisafishwa, na sehemu za rangi ya kale zikaonekana tena. Lakini fremu, ambayo ndiyo mifupa ya gari, ilikuwa imeliwa kiasi cha kutoweza tena kubeba mwili wake barabarani. Ili litembee, ingelazimu kuweka fremu nyingine, sakafu nyingine, springi nyingine, breki nyingine na viti vingine. Halikufufuliwa. Mwaka 2017 lilipelekwa katika makumbusho ya magari huko Roscoe, jimbo la Illinois, likiwa na makovu yake yote.

Sisi twaona uamuzi huo ulikuwa wa busara. Gari ambalo kila kiungo chake kimebadilishwa ni gari jipya lililovikwa jina la marehemu. Hata leo, huko Marekani, mtu aweza kununua bodi nzima mpya ya Ford Mustang ya miaka ya 1960, akaifunga injini na magurudumu, akaendesha. Hatuoni kosa katika hilo, maadamu mwenyewe anakiri alichokifanya. Lakini asituambie kwamba ameliokoa gari la zamani. Plymouth ya Tulsa, ikiwa imesimama na kutu yake, yaeleza ukweli ambao ingeuficha kama ingepakwa rangi mpya.

Hata hivyo, tusije tukaeleweka kwamba kila gari kuukuu la Kimarekani ni chuma chakavu cha kuuzwa kwa kilo. Tuitazame Kuba. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1959, na vikwazo vya biashara vilivyokamilishwa na Marekani mwaka 1962, magari mapya kutoka Marekani yalikoma kuingia kisiwani humo. Waliobaki na Chevrolet, Ford na Plymouth za miaka ya 1940 na 1950 hawakuwa na nafasi ya kuyazika. Waliyaendesha. Vipuri vilipokosekana walichonga vyao wenyewe, na injini zilipokufa walifunga za dizeli zilizotoka katika magari mengine. Upepo wa chumvi wa bahari haukuwahurumia, lakini kila tundu la kutu lilizibwa lingali dogo, kwa kuwa kesho yake gari lilitakiwa kazini. Ndiyo maana magari hayo yangali yakibeba abiria katika barabara za Havana, ilhali lile lililotunzwa kama mboni ya jicho likaozea shimoni.

Kutokana na mifano hiyo miwili, twathubutu kutoa shauri kwa mwenye gari la aina hiyo, hasa aliyeachiwa na mzazi wake na ambaye moyo wamtuma auze ng'ombe au kiwanja ili alifufue. Kwanza, aanze na mifupa. Alale chini ya gari na nyundo ndogo, agonge fremu na sakafu. Chuma kizima hulia, kilichooza huitika kwa sauti ya mfu. Achukue na sumaku apitishe juu ya bodi, kwani mahali ambapo sumaku haishiki huenda puti imejazwa penye tundu, na rangi nzuri isimdanganye. Injini iliyokufa yaweza kupata mbadala, lakini fremu iliyokwisha humaliza mjadala. Pili, ajiulize gari hilo likipona litafanya kazi gani, na vipuri vyake vitatoka wapi. Tatu, apige hesabu ya gharama zote kabla ya kumlipa fundi shilingi ya kwanza, akijua kwamba mara nyingi gari likiuzwa halirudishi fedha zilizoingia ndani yake.

Atakayesema kwamba analifufua kwa ajili ya kumbukumbu ya baba yake, hatutamcheka. Mapenzi hayapigiwi hesabu ya dukani. Twamwomba tu akumbuke kwamba baba aliliacha gari lilitembee, wala hakuliacha ili watoto wake wakose karo kwa ajili yake. Ikiwa fremu imekwisha, usukani uliotundikwa ukutani waweza kubeba kumbukumbu ile ile, bila kumfukarisha mtu.

Watu wa Tulsa hawakukata tamaa. Mwaka 1998, hata kabla ya kulifukua lile la kwanza, walikuwa wamekwisha kufungia gari jingine, Plymouth Prowler, lifunguliwe mwaka 2048. Safari hii walijenga chumba juu ya ardhi. Twawatakia heri. Ama sisi, tusingoje hata msimu mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwenye gari lililo juu ya mawe leo afunue turubai alitazame kabla ya masika. Kama mifupa ni mizima, amwite fundi. Kama imekwisha, ampe buriani kwa heshima, fedha zake zifanye kazi nyingine.