Kabla hujatuma tena hela ya dawa ya miembe

Wengi mlioko Muscat, Doha au Riyadh mna miembe nyumbani, na kila msimu simu inakuja: tuma hela ya dawa, maembe yanaoza. Unatuma. Mwezi haujaisha, unaombwa tena.

Mimi ni mtu wa hesabu, nauliza: hiyo dawa inamfikia nani? Nzi wa matunda aliyeonekana Kenya mwaka 2003, kisha akaenea Afrika, hutaga mayai chini ya ganda la embe. Funza wanakula humo humo ndani, ambako dawa ya kupulizia haiwapati. Embe likianguka wanatoka, wanajichimbia udongoni, na huko wanageuka nzi wapya.

Basi hela ielekee huko. Ipo kuvu iitwayo metarizamu, inawekwa kwenye udongo chini ya mti na kuwaua. Taasisi ya icipe ya Nairobi imeifanyia kazi sana. Ipo mitego yenye chambo cha kuvuta madume. Na wale chungu wekundu wanaoshona majani, maji moto, wasichomwe: nzi hawapendi kutaga walipo. (Kuchuma nao ni shughuli, najua.)

Ila lipa kibarua kwanza, aokote maembe yaliyoanguka na kuyafukia nusu mita kwenda chini. Bila hilo, hata kuvu ni hela ya bure. Kisha omba picha ya risiti na lebo, uangalie tarehe ya mwisho: kuvu ni kitu hai, ikikaa juani dukani inakufa, na wewe unalipia unga.