Vipele vya ndevu: Chanzo chake, tiba yake na makosa yanayofanyika kwa kinyozi

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

KATIKA mji wa Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu, kinyozi si mtu wa kutafutwa kwa shida. Saluni za kiume zimejipanga kando ya barabara, jirani na stendi na sokoni, na unapowadia msimu wa kuuza pamba, ambapo fedha huzunguka mikononi mwa watu, viti vyake huwa havipoi. Kijana hutoka hapo uso ukiwa laini, ananukia manukato, naye hujiona yuko tayari kwenda harusini, kanisani au kazini.

Hata hivyo, wapo wanaume ambao kwao siku ya kunyoa ndiyo mwanzo wa mateso. Baada ya siku moja au mbili, shingo na kidevu huanza kuwasha, kisha hutokeza vipele vidogo vigumu, vingine vikiwa na usaha. Wengi hudhani kuwa wameambukizwa ugonjwa na kinyozi, wengine husema damu yao ni chafu, na wapo wanaokimbilia duka la dawa kununua krimu yoyote watakayopewa. Matokeo yake, tatizo dogo ambalo lingekwisha kwa kubadili namna ya kunyoa huacha weusi na makovu ya kudumu usoni.

Makala haya yanaeleza vipele hivyo ni nini, hutokana na nini, na mtu anayeishi Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega anaweza kufanya nini kabla ya kufikiria safari ya kwenda kwa daktari bingwa wa ngozi.

Vipele vya ndevu ni nini?

Kwa maelezo ya wataalamu wa ngozi, vipele hivi kwa kawaida si ugonjwa wa kuambukiza, wala havitokani na uchafu wa damu. Hutokea pale unywele uliokatwa unaporudi na kuichoma ngozi ya mwenyewe. Mwili huuona unywele huo kama kitu kigeni, mfano wa mwiba, nao hujihami kwa kuleta uvimbe, wekundu, maumivu na wakati mwingine usaha.

Siri ya jambo hili imo katika umbo la nywele. Nywele za watu wengi wenye asili ya Afrika ni za kipilipili, yaani zimejikunja, na hata kifuko kinachouotesha unywele ndani ya ngozi kimepinda. Wembe unapoukata unywele wa namna hiyo, huuachia ncha kali kama ya sindano. Unapoanza kukua tena haupandi wima, bali hujipinda na kuingia kwenye ngozi, milimita chache tu kutoka pale ulipotokea.

Ipo pia njia ya pili. Mtu anapoivuta ngozi wakati wa kunyoa, au anapotumia wembe unaokata chini sana, unywele hubaki ndani ya ngozi. Hapo huanza kukua kwa upande na kuitoboa ngozi ukiwa huko huko ndani. Hizi ndizo ndevu ambazo watu husema zimeota kwa ndani.

Jina la kitaalamu la tatizo hili lilitolewa na madaktari wawili wa Marekani, Strauss na Kligman, mwaka 1956. Tafiti za nchini humo zinakadiria kuwa huwapata kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi wanaonyoa ndevu, huku likiwa nadra kwa wazungu. Aidha, mwaka 2004 watafiti walibaini kwamba badiliko dogo katika jeni moja inayohusika na ujenzi wa kifuko cha unywele huongeza uwezekano wa kupata vipele hivi mara 6. Kwa maana hiyo, ndugu wawili wanaweza kunyolewa na kinyozi mmoja, mmoja akatoka salama na mwingine akaumia.

Nani huathirika zaidi?

Wanaoumia zaidi ni wale wanaolazimika kunyoa mara kwa mara. Miongoni mwao wamo askari na walinzi wa makampuni binafsi, ambao kazi zao huwataka wawe na uso safi kila siku.

Nchini Marekani suala hili limefika hadi mahakamani. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya nchi hiyo iliamua kuwa sharti la kampuni moja ya kuuza piza la kuwataka wafanyakazi wote wanyoe ndevu liliwaumiza zaidi weusi wenye maradhi haya. Majeshi ya nchi hiyo nayo kwa miaka mingi yamekuwa yakiwapa askari wenye vipele ruhusa ya daktari ya kutonyoa. Mwaka 2025 yalitangaza masharti mapya yanayobana muda wa ruhusa hiyo, hatua iliyozua mjadala mkubwa.

Wanawake nao hawajasalimika. Wanaonyoa nywele za kidevuni, kwapani au sehemu za siri wanaweza kupata vipele vya aina hiyo hiyo, kwa sababu ile ile.

Makosa yanayofanyika wakati wa kunyoa

La kwanza ni kunyoa ndevu zikiwa kavu. Ndevu kavu ni ngumu, na zikikatwa katika hali hiyo ncha zake huwa kali zaidi. Zikilowekwa kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika chache hulainika na kukatika kwa urahisi.

La pili ni kunyoa kwa kurudi kinyume na uelekeo wa ndevu, huku ngozi ikivutwa kwa vidole. Wateja wengi huipenda njia hii kwa kuwa uso hubaki laini kama wa mtoto, lakini ulaini huo ndio unaouficha unywele ndani ya ngozi.

La tatu ni aina ya wembe. Tangu kampuni ya Gillette ya Marekani ilipoingiza sokoni wembe wenye makali mawili yaliyopangwa pamoja mwaka 1971, nyembe za makali mengi zimeenea duniani. Kali la kwanza huuvuta unywele, la pili huukata, na kipande kinachobaki hurudi ndani ya ngozi. Ndiyo maana madaktari wengi humshauri mwenye vipele atumie wembe wa kali moja. Hata hivyo, baadhi ya tafiti zimeonyesha kuwa maandalizi ya ngozi kabla na baada ya kunyoa yana uzito mkubwa kuliko idadi ya makali.

La nne ni wembe butu. Wembe uliokwisha makali humlazimu mtu kuupitisha mara tano au sita mahali pamoja, na kila mpito huichubua ngozi.

La tano ni kuchokonoa vipele kwa kucha, pini au kibano, na kung'oa ndevu kabisa. Unywele uliong'olewa huota upya kutoka chini, na unaweza kuitoboa ngozi kabla haujafika nje. Kucha nazo huingiza vijidudu, na hapo ndipo kipele hugeuka jipu.

Jinsi ya kuzuia

Kinga iliyo bora kuliko zote haina gharama: kuacha kunyoa. Ndevu hukua kwa wastani wa sentimita 1 hivi kwa mwezi, na zinapofikia urefu huo, nyingi kati ya zilizojichoma hujichomoa zenyewe. Kwa sababu hiyo, mgonjwa hushauriwa kupumzika kunyoa kwa wiki 4 au zaidi. Ni vyema afahamu kwamba katika siku za mwanzo hali inaweza kuonekana kuwa mbaya zaidi kabla ya kutulia. Wengi hukata tamaa hapo na kurudi kwenye wembe.

Kwa asiyeweza kufuga ndevu, njia ya kati ni mashine ya umeme. Amwombe kinyozi aache ndevu zenye urefu wa angalau milimita 1, na asiikandamize mashine kwenye ngozi. Uso hautakuwa laini kabisa, lakini ndevu fupi zinazoonekana ni salama kuliko ndevu zilizozikwa.

Anayelazimika kutumia wembe afuate utaratibu huu. Kwanza, aoshe uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha aweke kitambaa chenye maji hayo kwenye ndevu kwa dakika 5 hivi. Pili, kama kuna ndevu zilizojipinda na kuingia kwenye ngozi, azinyanyue taratibu kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, bila kuzing'oa. Tatu, apake povu la kutosha au krimu ya kunyolea. Nne, anyoe kufuata uelekeo wa ndevu, bila kuvuta ngozi, akipitisha wembe mkali mara moja au mbili tu. Mwisho, asuuze kwa maji ya baridi na kupaka mafuta mepesi yasiyo na manukato makali.

Poda na krimu za kunyolea zinazoyeyusha nywele nazo husaidia baadhi ya watu, kwa kuwa huacha ncha butu. Lakini dawa hizi ni kali. Zikikaa usoni kupita muda ulioandikwa kwenye pakiti huunguza ngozi, na hazifai kutumiwa kila siku wala kupakwa kwenye vidonda. Mtumiaji wa mara ya kwanza ajaribu kidogo kwenye mkono na kusubiri kwa siku 2.

Tiba na hatari ya krimu za mtaani

Vipele vinapokuwa vingi, daktari anaweza kutoa losheni ya benzoili peroksaidi, krimu ya kupunguza uvimbe yenye haidrokotizoni hafifu kwa siku chache, au dawa ya antibayotiki ya kupaka iwapo kuna usaha. Zipo pia krimu za jamii ya vitamini A, zinazopakwa usiku, ambazo mama mjamzito hapaswi kuzitumia. Kwa wenye uwezo, tiba ya mionzi ya leza huvidhoofisha vifuko vya nywele, lakini kwa ngozi nyeusi inahitajika leza ya aina maalumu na mtaalamu aliyeizoea, vinginevyo ngozi huungua na kubaki na mabaka.

Kinachotia wasiwasi ni krimu zinazouzwa holela, zikiwa zimechanganywa steroidi kali. Mtu akizipaka, uvimbe hushuka kwa siku mbili na ngozi hung'aa, naye huamini kuwa amepona. Zikitumika kwa wiki nyingi ngozi huwa nyembamba, hutoa chunusi na mishipa midogo huanza kuonekana. Weusi unaoachwa na vipele nao huwasukuma baadhi ya watu kwenye vipodozi vya kuchubua, ambavyo vingi vina viambato vilivyopigwa marufuku nchini, zikiwamo zebaki na haidrokwinoni. Usimamizi wa vipodozi, ambao awali ulikuwa chini ya iliyokuwa TFDA, ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019.

Usafi wa saluni

Ingawa vipele vyenyewe haviambukizi, ngozi iliyochubuka ni mlango wazi. Wembe au mashine yenye damu ya mtu mwingine inaweza kusambaza homa ya ini aina ya B, ambayo kirusi chake kinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku zisizopungua 7. Kuvu wanaosababisha choa, pamoja na bakteria wa majipu, nao hupita kwa njia hiyo.

Mteja ana haki ya kumwomba kinyozi afungue wembe mpya mbele yake, na kuhakikisha mashine imepigwa brashi kuondoa nywele kisha kusafishwa kwa spiriti. Kuipitisha kwenye moto wa kiberiti au kuifuta kwa taulo lile lile lililomfuta mteja aliyetangulia si usafi. Anayeweza kumudu anunue mashine yake mwenyewe na kwenda nayo saluni.

Lini umwone daktari?

Dalili zisizopaswa kupuuzwa ni homa, uvimbe unaouma na kujaa usaha, mabaka ya mviringo yenye magamba, ambayo huenda ni choa, na makovu yanayoinuka na kuendelea kukua, yaani keloidi. Vipele vigumu vinavyoota kisogoni baada ya kunyoa nywele chini sana ni tatizo lenye tiba yake, na vikiachwa huungana na kuwa uvimbe mkubwa usioota nywele.

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, una hospitali yake ya rufaa mjini Bariadi, na wagonjwa wanaohitaji huduma za juu zaidi hupelekwa Hospitali ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC mjini Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1992, kimekuwa kikiwafundisha matabibu wa fani hiyo kutoka Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Hata hivyo, wataalamu hao bado ni wachache ukilinganisha na mahitaji, na vipele vya ndevu visivyo na matatizo vinaweza kutibiwa na tabibu wa kituo cha afya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanamume anayetokwa na vipele kila anaponyoa hana sababu ya kuona haya wala kujificha nyuma ya skafu. Aanze kwa kuweka wembe chini kwa mwezi mmoja, azungumze na kinyozi wake kuhusu milimita 1 ile, na asikubali kupaka kitu chochote asichokijua usoni mwake.