Mzigo Usioingia Kontena

Wengi wetu hudhani kila shehena ifikayo Kilindini imo ndani ya kontena. Hasha! Kontena refu la kawaida lina mita 12 hivi. Je, kichwa cha treni cha zaidi ya mita 20 utakitia wapi? Januari 2017, vichwa vya reli mpya kutoka Uchina viliteremshwa Mombasa kimoja kimoja.

Mzigo kama huu huinuliwa wenyewe kwa winchi. Kwanza hutafutwa mahali uzito unapokaa sawa, ndipo kamba za chuma hufungwa. Zikikosewa, mzigo huinama, na hapo roho za watu zimo hatarini. Kwa hivyo hakuna ruhusa kupita chini ya mzigo unaoning'inia, hata ukiwa na haraka vipi. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.