Kikombe cha Shule Kisifiche Ujinga

Kila msimu wa michezo unapowadia, wanafunzi wenye vipaji huniuliza: ya nini kuhangaika na vitabu ilhali mchezo waweza kumlisha mtu? Mimi huwajibu kwa kuwatajia Alan Page.

Page alizaliwa mwaka 1945 mjini Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Aliucheza mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, kisha akajiunga na timu ya kulipwa ya Minnesota Vikings mwaka 1967. Mwaka 1971 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi, heshima ambayo hakuna mchezaji wa ulinzi aliyekuwa ameipata kabla yake. Hata hivyo, sifa hazikumlevya. Akiwa bado uwanjani alisomea sheria, akahitimu mwaka 1978. Mwaka 1993 akawa jaji wa kwanza mweusi katika Mahakama ya Juu ya Minnesota, akahudumu hadi mwaka 2015.

Page amesimulia kisa kinachonichoma moyo. Kocha aliwaagiza wachezaji wasome kwa sauti kitabu cha mbinu za mchezo, na baadhi yao wakashindwa. Nao walikuwa wamepitia vyuo vikuu! Ni nani aliyewavusha darasa baada ya darasa, kama si walimu walioijali misuli yao tu?

Walimu wenzangu, tusimtunuku mwanafunzi alama za bure eti kwa kuwa ametuletea kikombe. Kikombe kitabaki kabatini mwa shule. Majuto atabaki nayo yeye.