Arusi ng'ambo ya ziwa: mzigo wa sherehe unapitaje duane?

Ukisimama upande wa mashariki wa Idjwi, milima ya Rwanda unaiona kwa macho. Kwenye kisiwa kidogo cha Nkombo, kilicho upande wa Rwanda, watu wanaongea lugha ambayo Muhavu anaisikia bila mtafsiri. Kwa hiyo si ajabu binti wa Ntambuka aolewe Nyamasheke, ama kijana wa Rubenga akafungie ndoa Rusizi. Jamaa ni moja tangu zamani. Lakini katikati ya maji kuna mpaka wa nchi mbili, na afisa wa duane hajui kama viti ishirini vilivyo ndani ya pirogi ni vya sherehe ama ni vya kuuza.

Hapo ndipo familia nyingi zinakwama. Wanakaa vikao miezi mitatu, wanahesabu ng'ombe za mahari, kreti za fanta, vikwembe vya wamama wa pande zote mbili, mpaka sahani ya mwisho. Feza ya duane haimo kwenye hesabu. Inakuja kutafutwa siku ya safari, kwenye bariyeri, bibi arusi akiwa ndani ya gari.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni kwamba mzigo wa arusi una sura tatu mbele ya sheria: kile kitakachorudi, kile kitakacholiwa ama kubaki huko, na kile ambacho ni zawadi za kurudi nazo. Kila kimoja kina njia yake, na matatizo mengi yanatoka kwa kuvichanganya.

Kile kitakachorudi ni sono, jenereta, viti, ngoma, vitambaa vya kupamba, hata robe ya bibi arusi kama ni ya kukodisha. Hivi havipaswi kulipiwa kama bidhaa ya kuuza, lakini lazima viandikwe. Upande wa Kongo, kabla ya kuvuka, vinatangazwa kwa DGDA kama vitu vinavyotoka kwa muda, pamoja na idadi na, kwa mashine, namba yake ya kiwandani. Karatasi hiyo ndiyo mlinzi wako siku ya kurudi. Bila karatasi, sono yako mwenyewe uliyoinunua Kadutu miaka mitano iliyopita inaweza kuonekana kama sono mpya iliyotoka Kigali, na utaombwa ulipe ushuru juu ya mali yako. Upande wa Rwanda, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu vitu kuingia kwa muda, mradi vitoke tena ndani ya miezi 12. Afisa anaweza kudai dhamana, yaani feza unayoacha na kurudishiwa ukitoka na vitu vyako vyote. Kwa hiyo familia ibebe feza ya ziada kwa ajili hiyo, na mtu mmoja tu ashike risiti. Si wajomba wanne.

Vitu vya kuliwa na vya kutumika vinataka uangalifu zaidi, maana hapo Rwanda haina mchezo. Mifuko ya plastiki imekatazwa huko tangu 2008. Mwaka 2019 ikatoka sheria nyingine iliyogusa plastiki za kutumia mara moja: mirija, vikombe, sahani. Kongo nayo ina amri ya mwisho wa 2017 dhidi ya mifuko hiyo, lakini kila anayekwenda soko la Bukavu anajua inavyoheshimiwa. Matokeo yake ni kwamba kinachouzwa wazi huku kinanyang'anywa kule. Familia inafunga gato, mandazi na chumvi ndani ya sashe, na kwenye bariyeri inabidi vyote vifunguliwe na kumwagwa upya kwenye beseni, mbele ya wageni. Vikapu na mifuko ya karatasi vinamaliza shida hiyo kabla haijaanza.

Kuhusu pombe, msafiri mwenye umri wa kuanzia miaka 18 anasamehewa kiasi kidogo sana: lita moja ya pombe kali, ama lita mbili za divai. Kreti kumi za bia si mzigo wa msafiri hata kama kadi ya mwaliko iko mkononi. Hiyo ni bidhaa, na bia inabeba ushuru wa peke yake. Kasiksi ya ndizi inayobebwa kwenye vidumu vya lita 20, kwa heshima ya wakwe, nayo iko kwenye hesabu hiyo hiyo. Wazee hawapendi kusikia hivi, lakini rahisi ni kubeba kidumu kimoja cha desturi, kukitangaza, na kununua vinywaji vingine vyote huko huko.

Ng'ombe za mahari vilevile. Mnyama hai havuki mpaka bila karatasi za daktari wa mifugo wa pande zote mbili, na ugonjwa ukitangazwa upande wowote, njia inafungwa hata kama mahari ilikubaliwa. Familia nyingi zinapatana kwa feza, kisha ng'ombe ananunuliwa upande wa wakwe.

Suti na magauni ya mitumba yana hadithi yake. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo zilizovaliwa kutoka senti 20 za dola mpaka dola 2,5 kwa kilo. Nguo ya mtu mwenyewe, iliyo ndani ya sanduku lake, ni vitu vyake binafsi. Lakini mtu mmoja akibeba bunda lenye suti kumi na tano za vijana wa heshima, zote ndani ya gunia moja, afisa ana haki ya kuona balo ya mitumba. Kila kijana abebe suti yake.

Sasa kurudi na zawadi. Hapa wengi wanaamini kwamba zawadi hailipiwi kwa kuwa haikununuliwa. Duane haiangalii nani alitoa feza, inaangalia thamani ya kitu. Kwa vitu vingi vilivyotengenezwa tayari, kama nguo na vyombo, tarifa ya Kongo ni asilimia 20, na juu yake kuna TVA ya asilimia 16 iliyoanza Januari 2012. Chukua mfano wa zawadi za dola 300. Ushuru ni dola 60. TVA haihesabiwi juu ya 300 bali juu ya 360, ndiyo dola 57,6. Jumla dola 117,6 kabla ya gharama nyingine. Kama hakuna fakture, thamani itawekwa na afisa, na mara chache itakuwa ya chini. Ni vizuri kuwaomba wageni waache risiti ndani ya bahasha, hata kama inaonekana aibu.

Kuna njia nyepesi ya wafanyabiashara wadogo, utaratibu rahisi wa COMESA unaoitwa RECOS. Watu wanaukosea kila siku. Unasaidia bidhaa zilizotoka katika nchi wanachama, zilizo kwenye orodha ya pamoja na zisizopita thamani iliyowekwa. Termosi ya China iliyonunuliwa Kamembe bado ni ya China. Na Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukufuta bariyeri ya Ruzizi.

Amri ya Machi 2002 inataja huduma nne tu zenye haki ya kufanya kazi mpakani: duane, OCC, DGM na huduma ya afya. Mtu wa tano akiomba feza ya "kusaidia", swali la heshima ni moja: risiti yake iko wapi? Mama mwenye kikapu cha gato anaogopa kuuliza hivyo akiwa peke yake. Wakiwa kumi, wamevaa kikwembe kimoja, inakuwa rahisi.

Shida hizi zote ndizo zinawafanya wengine wachague pirogi ya usiku, moja kwa moja kutoka kisiwani mpaka ng'ambo. Njia hiyo Idjwi inaijua: ni ile ile iliyopitisha kahawa ya magendo kwa miaka mingi, na wanaume wengi hawakurudi. Hata mchana ziwa halina huruma. Mwezi wa nne 2019 mashua ilizama upande wa Kalehe na watu zaidi ya 100 wakapotea. Mzigo wa arusi ni mbaya zaidi kwa pirogi, maana viti na jenereta vinakaa juu, na watu wanakaa juu ya viti. Kuzunguka kwa Bukavu ama Goma kunakula siku nzima na feza ya usafiri. Kunabakiza watu.

Kwa wanaokwenda mbali zaidi, Ubelgiji kwa mfano, mambo ni tofauti kidogo, na sehemu nyingine ni nafuu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 inamsamehe ushuru mtu anayehamia huko kwa sababu ya ndoa, kama amekaa nje ya Ulaya angalau miezi 12. Vyombo vyake vya nyumba vinaingia bure, na kila zawadi isiyopita euro 1.000. Lazima aonyeshe cheti cha ndoa, ama uthibitisho kwamba taratibu zake zimeanza. Mzigo usiingie mapema zaidi ya miezi miwili kabla ya arusi, wala usipite miezi minne baada yake. Pombe na tumbaku hazimo. Nyama na maziwa havipiti kabisa ndani ya sanduku, ila samaki mkavu anapita mpaka kilo 20. Matunda mengi yanadai cheti cha afya ya mimea tangu Desemba 2019, isipokuwa matano, na nanasi ni mojawapo. Mama wa Idjwi anaweza kushuka Brussels na mananasi ya shamba lake mkononi.