Mzazi, usimuulize mwanao kama amekula

Saa saba mchana, foleni ya kafeteria ya chuo inatoka mlangoni na kufuata ukuta hadi nje. Ndani, mpakuaji anauliza swali moja tu: wali au ugali? Maharage yako kwenye sufuria kubwa, nyama kwenye sufuria ndogo, na mchicha unawekwa pembeni ya sahani, kijiko kimoja.

Atakayeitazama foleni hiyo wiki ya kwanza baada ya fedha za kujikimu kuingia, kisha akarudi wiki ya mwisho kabla ya awamu nyingine, anaweza kudhani yuko vyuo viwili tofauti. Wiki ya kwanza watu wanaagiza kuku, soda na tikiti maji. Wiki ya mwisho foleni ni fupi, nyama haigombewi, na wapo wanaochangia sahani moja ya ugali na maharage.

Wanafunzi wameipa hali hiyo majina. Fedha za kujikimu ni bumu. Kula mara moja, kwa kuchelewa, ili mlo huo uzibe pengo la asubuhi na la usiku, ni kupiga pasi ndefu. Kulala bila kula ni kupiga deshi. Majina hayo yanachekesha, na anayecheka ni vigumu kumtambua kuwa ana njaa.

Bumu si mshahara

Mzazi aliyesoma chuo kikuu miaka ya 1970 au 1980 anaweza asielewe. Wakati wake Serikali ndiyo iliyolipia chakula. Mwanafunzi aliingia bwalo, akala, akaenda darasani. Utaratibu huo uliondoka miaka ya 1990 ulipoingia mfumo wa kuchangia gharama za elimu. Leo mwanafunzi anayepata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hupewa fedha mkononi, na mpishi hulipwa kwa kila sahani.

Mwaka 2022 kiwango cha fedha za chakula na malazi kilipandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku kwa anayepata kiwango kamili. Fedha hizo haziji kila siku. Huingia kwa mkupuo, na kwa siku 60 hufika Sh600,000. Kwa kijana wa miaka 19 au 20, mara nyingi hicho ni kiasi kikubwa kuliko alichowahi kushika.

Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Akilipa madeni, akanunua simu na kutuma kidogo nyumbani, Sh250,000 inaweza kuondoka wiki ya kwanza. Inayobaki, Sh350,000, ikigawanywa kwa siku 53, ni kama Sh6,600 kwa siku. Humo atoe chakula, nauli, kuchapisha kazi za darasani na, kama hakupata bweni, kodi ya chumba. Kujipikia nako si rahisi, kwani mabweni mengi yanakataza kupika vyumbani.

Si kila bumu linaishia kwenye anasa. Wapo wanaolipia ada ya mdogo wao au kununua dawa ya bibi kijijini. Ndugu wanaposikia mtoto wa fulani anapata fedha za Serikali, simu huanza kuita. Kila anayeomba huona anaomba kidogo, lakini kinachopungua ni chakula.

Mwili unavyolipa

Ubongo hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili hata mtu akiwa amepumzika. Anayeingia kipindi cha saa mbili asubuhi bila kula tangu jana mchana hupata shida kutulia na kufuatilia somo. Wengine hujiokoa kwa vinywaji vya kuongeza nguvu usiku wa kusoma, lakini kafeini huondoa usingizi tu. Haijazi nafasi ya chakula.

Wengi huamini njaa ndiyo inayoleta vidonda vya tumbo. Visababishi vikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori na matumizi ya mara kwa mara ya dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Hata hivyo, njaa inaweza kumfikisha mtu huko kwa njia ya kuzunguka: kichwa kinauma kwa kukosa chakula, anameza dawa tumbo likiwa tupu, na kesho anarudia.

Kwa wasichana kuna upungufu wa damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na tatizo hilo. Anayepoteza damu kila mwezi huku akiishi kwa chipsi na chai yuko kwenye hatari zaidi.

Habari njema ni kwamba sahani ya bei ndogo si lazima iwe mbaya. Maharage yana protini na madini chuma, na mchicha una vitamini. Chungwa moja au ndimu iliyokamuliwa juu husaidia mwili kufyonza madini hayo. Chai ya rangi isubiri kama saa moja, kwa kuwa inayazuia.

Swali la jioni

Familia inaweza kusaidia hata isipokuwa na fedha. Kabla kijana hajaondoka, akae na mzazi wagawe bumu kwa wiki, wakitenga fedha ya chakula kwanza. Anaweza kumlipa mama ntilie anayemwamini kwa wiki nzima mapema. Karanga, dagaa waliokaangwa na unga wa lishe husafiri vizuri kwa basi. Ndugu nao waelezwe wazi kuwa fedha ile ni chakula, na ni mkopo utakaorejeshwa.

Kisha kuna simu ya jioni. Mzazi anauliza, "Umekula?" Mtoto anajibu, "Nimekula, mama," kwa sababu hataki kumuongezea mzigo, na maongezi yanahamia kwenye mitihani. Aulizwe badala yake, "Leo umekula nini, na saa ngapi?" Swali hilo halijibiki kwa neno moja. Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, mama atakuwa ameshasikia.