Cheza na muziki, usicheze na tumbo lako

Ni saa tisa alasiri na jua la Nairobi limewaka. Jukwaani bendi ya pili inapima vyombo vyake, huku nyuma ya umati moshi wa makaa ukipanda kutoka safu ndefu ya vibanda vya vyakula. Umelipa kiingilio, umekuja na watoto, na walinzi wa langoni hawakukuruhusu kuingia na chakula cha nyumbani. Tumbo linanguruma. Swali linalobaki ni moja tu: ule wapi?

Swali hilo linaonekana dogo, lakini linawahusu watu wengi. Matamasha ya muziki yamekuwa sehemu ya maisha ya wakazi wa mijini. Blankets and Wine ilianzishwa Nairobi mwaka wa 2008, na Sauti za Busara imekuwa ikiwavuta wapenda muziki hadi Unguja tangu 2004. Kote huko hali hufanana: maelfu ya watu mahali pamoja kutwa nzima, chakula kinachopikwa hewani, maji ya kubebwa kwa mitungi na vyoo vya muda.

Mazingira ya aina hiyo ndiyo yanayopendwa na maradhi ya tumbo. Mnamo Julai 2017, watu waliohudhuria maonyesho ya kibiashara jijini Nairobi walipatwa na kipindupindu, wakiwemo mawaziri wawili ambao walilazwa hospitalini. Na kipindupindu kiliporejea nchini Oktoba 2022, wagonjwa wa mwanzo walihusishwa na sherehe ya harusi. Ugonjwa huu hauchagui tajiri wala maskini. Huingia pale watu wanapokula pamoja bila maji safi.

Hivi majuzi mwandishi wa makala haya alizunguka vibanda vya tamasha moja viungani mwa Nairobi, tangu asubuhi hadi usiku. Jambo lililojitokeza ni kwamba kibanda kilichopendeza macho kuliko vyote ndicho kilichokuwa na hatari kubwa zaidi, ilhali baadhi ya vile vilivyoonekana duni vilikuwa salama. Viini vya maradhi havisomi mabango.

Moto, maji, mkono na saa

Ili kutofautisha kibanda kizuri na kibaya, chunguza mambo manne: moto, maji, mkono na saa.

Moto kwanza. Viini vingi hufa chakula kinapopata joto la nyuzi 70 hadi ndani kabisa. Baada ya kuiva, chakula hakina budi kukaa katika joto la zaidi ya nyuzi 60, yaani kiwe kinafuka moshi, au kihifadhiwe kwenye baridi ya chini ya nyuzi 5. Kati ya vipimo hivyo viwili ndipo viini huzaana. Chakula vuguvugu ndicho kitanda chao.

Saa nayo ina uzito wake. Katika hali inayowafaa, baadhi ya bakteria hugawanyika mara mbili kila baada ya dakika 20. Bakteria mmoja huwa zaidi ya 4,000 baada ya muda wa saa 4, na zaidi ya milioni mbili baada ya saa 7. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisiachwe nje kwa zaidi ya saa 2.

Ama kuhusu maji na mkono, jiulize: muuzaji huyu ananawa wapi? Kuna ndoo yenye mfereji na sabuni, au kuna beseni moja ambamo vikombe, visu na mikono vyote huoshwa kutwa nzima? Mkono unaopokea pesa ndio huo huo unaokata nyama?

Vibanda vilivyofuzu

Nafasi ya kwanza ilimwendea mama aliyekuwa akichoma mahindi pembeni mwa uwanja. Hakuwa na hema wala bango. Kila hindi lilitoka kwenye maganda yake, likageuzwa juu ya makaa, likamfikia mteja likiwa moto. Hakuna aliyelishika katikati. Tahadhari ni moja tu: ile ndimu yenye chumvi na pilipili inayopakwa juu. Ikiwa kipande kimoja cha ndimu kimepakwa mahindi ya watu hamsini, mwombe akukatie kingine au ule hindi lako bila pilipili.

Wa pili alikuwa muuzaji wa chapati na maharagwe. Chapati zilikuwa zikitoka kwenye kikaango mfululizo, na sufuria ya maharagwe ilikuwa ikitokota juu ya jiko. Kijana mmoja alipokea malipo, wengi wakilipa kwa M-Pesa, na mpishi hakugusa pesa. Foleni ilikuwa ndefu, lakini foleni ni dalili njema kwani chakula hakipati nafasi ya kulala.

Bhajia, viazi karai na samosa zilizokaangwa papo hapo pia zilifuzu. Mafuta yanayochemka huua viini vingi. Mtu anayekwenda Unguja huona mfano mzuri katika bustani ya Forodhani, mkabala na Ngome Kongwe, ambapo wapishi wa ile inayoitwa Zanzibar pizza hukunja unga na kuukaanga mbele ya macho ya mteja. Chochote kinachopikwa ukikitazama kina siri chache.

Vibanda vya kuepuka

Kibanda kilichoshika mkia kilikuwa na hema jeupe, kitambaa mezani, na wahudumu waliovaa aproni na glavu. Kiliuza pilau na biriani. Mhudumu mmoja alinieleza kwa fahari kwamba walipika saa kumi alfajiri ili wasichelewe. Saa kumi na mbili jioni pilau ile ile ilikuwa bado ikipakuliwa, vuguvugu, kutoka katika sufuria kubwa zilizofunikwa. Kwa hesabu hiyo, sahani ya jioni ilikuwa na umri wa saa 14.

Wali una hatari ambayo wengi hawaijui. Bakteria aitwaye Bacillus cereus hupatikana katika mchele mbichi, na mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa upoe polepole, mbegu hizo huamka, bakteria huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto tena. Mchuzi wa nyama uliokaa katika sufuria kubwa una tatizo kama hilo, kwani katikati ya sufuria hubaki vuguvugu kwa muda mrefu.

Zile glavu je? Muhudumu alizitumia kupakua wali, kupokea noti, kufuta meza na kisha kupakua tena. Glavu chafu haina tofauti na mkono mchafu, isipokuwa mwenye mkono huhisi uchafu akanawa.

Kibanda kingine cha kutia shaka kilikuwa cha nyama choma. Nyama yenyewe ilikuwa nzuri, lakini ilikatiwa juu ya ubao ule ule uliotumiwa kukata nyama mbichi, kwa kisu kile kile. Hapo moto umefanya kazi ya bure. Jioni watu walipozidi, mpishi alianza kutoa vipande vilivyoungua nje na kubaki na damu ndani, hasa kuku. Usione haya kumrudishia. Mwambie arudishe motoni, nawe usubiri.

Mutura nayo isihukumiwe kwa jina. Iliyo juu ya makaa, inayotoa mvuke unapokatiwa, haina neno. Iliyokatwa mapema ikapangwa ubaoni ikingoja wateja na nzi, iache.

Adui mdogo: kachumbari na barafu

Mara nyingi kinachomwangusha mtu si chakula chenyewe bali kile kinachowekwa juu yake. Tuchukue yai la kuchemsha. Likiwa ndani ya ganda lisilo na ufa, hakuna mkono uliolifikia. Kisha muuzaji analimenya, analipasua kwa kisu na kulijaza kachumbari ambayo haikupitia motoni, iliyokatwa asubuhi na kuoshwa kwa maji yasiyojulikana yalikotoka. Soseji zinazouzwa kwa mikokoteni hupitia njia hiyo hiyo. Nunua yai, limenye mwenyewe kwa mikono safi, na uiache kachumbari.

Barafu nayo huwahadaa wengi. Kugandisha maji hakuui viini, bali huwalaza tu. Juisi ya miwa au ya ukwaju iliyotiwa barafu ya maji machafu ni sawa na kunywa maji hayo. Nunua soda, au maji ya chupa iliyofungwa barabara na yenye alama ya ubora ya KEBS. Ndizi na chungwa unalolimenya mwenyewe ni salama kuliko tikiti lililokatwa vipande na kuachwa wazi.

Aidha, chakula kisifungwe kwa karatasi yenye wino, hata ikiwa ni ya gazeti hili. Gazeti ni la kusomwa.

Usimlaumu uliyemwona mwisho

Mtu akianza kutapika usiku, humshtaki muuzaji wa mwisho aliyemuuzia chakula. Mara nyingi humwonea. Sumu ya stafilokokasi, bakteria anayeishi puani na katika vidonda vya mikono, huanza kutapisha kati ya nusu saa na saa 8. Bakteria wa michuzi iliyolala huchukua saa 6 hadi 24 kabla ya kuleta maumivu ya tumbo na kuhara. Salmonela huweza kuchukua saa chache au hata siku kadhaa. Kipindupindu huchukua muda wa saa 12 hadi siku 5. Homa ya matumbo huweza kukawia wiki 1 hadi 3, nayo hepatitis A mwezi mzima.

Kwa hivyo anayetapika kabla hajafika nyumbani akumbuke alichokula mchana huo, bali anayeugua baada ya siku tatu arudishe fikira nyuma zaidi. Ukumbusho huo una faida. Ukimweleza daktari na afisa wa afya ya umma ulichokula, wapi na saa ngapi, unaweza kuwaokoa wengine, na pia kumwokoa mchuuzi asiye na hatia asipoteze riziki yake.

Lawama si ya mchuuzi pekee

Si haki kumtwika mchuuzi mzigo wote. Katika tamasha hilo, wauzaji niliozungumza nao walisema walilipia nafasi zao, lakini hawakupewa mfereji wa maji. Aliyeishiwa na maji alilazimika kuacha kibanda na kubeba mtungi kupitia katikati ya umati. Katika hali hiyo, beseni moja la kuoshea vyombo si uzembe tu, ni ukosefu.

Sheria za nchi hutaka wanaoshughulikia chakula wapimwe afya kila baada ya miezi sita na wawe na cheti. Mteja ana haki ya kuuliza kama kipo. Lakini cheti hakinawishi mikono. Waandalizi wanaopanga jukwaa na taa wapange pia maji karibu na vibanda, sabuni karibu na vyoo, na mahali pa kutupa taka. Maafisa wa afya nao wasifike asubuhi pekee, kwani hatari kubwa huja jioni, chakula kikiwa kimelala na wateja wakiwa wengi.

Ukiugua

Wengi hupona baada ya siku moja au mbili. Kinachoua katika kuhara ni upungufu wa maji mwilini. Anza mara moja kunywa maji yenye chumvi maalumu za pakiti, zinazouzwa kwa bei nafuu katika maduka ya dawa. Usipozipata, chukua lita moja ya maji safi, utie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, kisha unywe kidogo kidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, na watoto wadogo hupewa pia dawa ya zinki kwa siku 10 hadi 14. Usijinunulie viuavijasumu bila ushauri wa daktari.

Nenda hospitalini upesi ukiona damu katika choo, homa kali, kutapika kusikokoma, au kuhara maji mengi yanayofanana na maji ya mchele. Hiyo ya mwisho ni dalili ya kipindupindu, ambacho kinaweza kumuua mtu mzima kwa muda wa saa chache. Kwa mtoto, tazama macho yaliyoingia ndani, mdomo mkavu na kukosa kukojoa. Watoto wachanga, wajawazito, wazee na watu wenye kinga hafifu ya mwili wasingoje kesho.

Basi utakapokwenda tamashani tena, zunguka vibanda vyote kabla ya kutoa pesa. Tafuta chakula kinachofuka moshi, mpishi asiyegusa pesa na ndoo yenye mfereji. Panga foleni hata ikiwa ndefu, maana wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Wimbo utakaokukosa ukiwa kwenye foleni unaweza kurudiwa, lakini afya ya mtoto wako haina marudio.